Hadithi na Jumuiya ya Waaminio katika Pwani ya Mtwara na Bonde la Ruvuma

1. Utangulizi

Mtu asimamapo Newala, ukingoni mwa nyanda za juu za Makonde, mahali panapoitwa Shimo la Mungu, huliona bonde la Ruvuma limelala mbali chini yake. Juu alipo yeye pana mchanga, vichaka na mikorosho; maji yako chini. Kwa vizazi vingi akina mama wa Makonde walishuka bondeni kuchota maji, wakapanda nayo tena hadi nyumbani, safari ya saa kadhaa. Mgeni huuliza mara moja: kwa nini watu wenye akili wakae mbali na maji namna hii? Wenyeji walikuwa na jibu, na jibu lao lilikuwa hadithi.

Katika makala haya tunakusudia kuchunguza kazi ya hadithi katika jumuiya za waaminio zilizokaa kati ya Mikindani, Masasi na mlango wa Ruvuma, tangu karne ya 19 hadi siku zetu. Kwa neno hadithi hatuna maana ya ngano za sungura na fisi peke yake, bali masimulizi yote ambayo kwayo watu hujieleza wao ni nani, walitoka wapi, na kwa nini yamewapata yaliyowapata.

Dai letu ni moja. Jumuiya za upande huu wa nchi, ziwe za jadi, za Kiislamu au za Kikristo, kwa sehemu kubwa ziliundwa na watu waliohama, waliokimbia au waliouzwa. Watu wa namna hiyo hawakuwa wa damu moja, na kanuni za imani peke yake hazikutosha kuwaunganisha. Waliunganishwa na hadithi iliyompa mgeni nafasi ya ndugu na kuupa msiba mahali pake. Pale ambapo hadithi kama hiyo ilikosekana, hofu haikunyamaza. Ilijitungia hadithi yake yenyewe, nayo mara nyingi ilimtafuta mtu wa kulaumiwa.

Jambo hili wataalamu wa nafsi na jamii wamelitazama pia. Mfaransa Maurice Halbwachs aliandika mwaka 1925 kwamba mtu hukumbuka akiwa ndani ya kundi lake, na kwamba kundi ndilo limpalo vipimo vya kukumbukia. Mwingereza Frederic Bartlett, katika kitabu chake cha mwaka 1932, alieleza jinsi alivyowasomesha watu wa Cambridge hadithi ngeni ya wenyeji wa Amerika ya Kaskazini, akaona kwamba kila waliporudia kuisimulia waliigeuza ifanane na desturi zao. Wazee wa Ruvuma hawakuvisoma vitabu hivyo, lakini jambo lenyewe walilitenda kila jioni motoni.

2. Hadithi ya Mahuta

Mwaka 1906 Mjerumani Karl Weule, mtu wa makumbusho ya Leipzig, alisafiri katika nchi ya Lindi, Masasi, Newala na Mahuta, akiwa na kinasa sauti cha siku zile. Miongoni mwa mambo aliyoyaandika ni asili ya Wamakonde kama alivyosimuliwa huko. Kisa chenyewe kwa ufupi ni hiki. Hapo mwanzo Mahuta palikuwa pori tupu. Katika pori hilo alitokea kiumbe asiyeoga wala kunyoa, aliyekula na kunywa kidogo sana. Alichonga sanamu ya mtu kwa mti, akaipeleka nyumbani kwake akaisimamisha. Usiku ule sanamu ikawa hai, nayo ilikuwa mwanamke. Wawili hao wakashuka Ruvuma kuoga. Huko mwanamke akazaa mtoto mfu. Wakahama, wakaenda hadi bonde la Mbwemkuru. Akazaa tena mtoto mfu. Ndipo wakarudi juu, katika vichaka vya Mahuta. Mtoto wa tatu akazaliwa hai, akakua. Hao ndio chanzo cha Wamakonde.

Tuitazame hadithi hii kwa makini. Kwanza, inaeleza jambo gumu, yaani kukaa mbali na maji, bila kulifanya kuwa adhabu. Bondeni ni mahali pa mauti, juu ni mahali pa uhai. Mama aliyetembea saa nyingi na mtungi kichwani hakuwa akitaabika bure; alikuwa akiendeleza uamuzi wa mama wa kwanza aliyetaka mwanawe aishi. Mateso yenye maana hubebeka kuliko mateso yasiyo na maana, hata kama uzito wa mtungi ni uleule.

Pili, hadithi inakumbuka mambo ya kweli kwa njia yake. Mabonde ya mito yalikuwa na magonjwa. Tena katika karne ya 19 ndiyo yaliyokuwa njia za misafara ya watumwa na za wavamizi, wakati vichaka vya juu vilikuwa maficho. Wengi waliokuja kuitwa Wamakonde walikuwa watu waliokimbilia humo kutoka pande mbalimbali, wengine kutoka ng'ambo ya mto. Hadithi iliwapokea wote. Aliyefika jana aliweza kusema, pamoja na mzaliwa, ya kwamba naye amepanda kutoka bondeni.

Tatu, na hili ni kubwa kwa mtumishi wa Neno, hadithi haifichi watoto wawili waliokufa. Wamo ndani, katikati kabisa. Jumuiya iliyoisimulia ilikuwa na akina mama wengi waliofiwa na watoto wachanga, na kila mmoja wao alipoisikia aliona kwamba msiba wake ulikuwa umekwisha kumpata mama wa wote.

3. Pwani: mgeni afanywaye ndugu

Tukishuka kutoka nyanda za juu hadi Mikindani na vijiji vya mlango wa Ruvuma, tunakuta watu ambao kwa lugha na asili wengi ni Wamakonde, lakini kwa dini na desturi ni Waswahili wa pwani. Hapa hadithi ya asili ni ya namna nyingine. Mwaka 1907 Carl Velten alichapisha masimulizi yaliyoandikwa na Waswahili wenyewe, zikiwamo habari za miji ya kusini kama Lindi na Sudi. Kabla ya hapo habari za Kilwa zilikuwa zimejulikana kwa karne nyingi.

Kisa cha Kilwa kinafahamika sana: mgeni atoka ng'ambo ya bahari, amkuta mwenye kisiwa, ampa nguo za kutosha kukizunguka kisiwa, na kwa nguo hizo anapata mahali pa kukaa, katika masimulizi mengine amwoa pia binti wa mwenye nchi. Mwanahistoria atauliza kama nguo zilitosha kweli. Swali hilo lina mahali pake, lakini halifikii kiini. Kisa hiki ni mapatano yaliyowekwa katika umbo la hadithi. Kinamwambia mgeni kwamba hawezi kukaa bila kutoa, na kinamwambia mwenyeji kwamba mgeni aliyetoa na kuoa ni wa nyumbani. Mji wenye watu wa Shihiri, wa Bara Hindi, wa Makonde na wa visiwani ulihitaji mapatano ya namna hiyo kila siku, sokoni na msikitini.

Hata hivyo hatuna budi kusema kwamba hadithi za miji zilinyamaza juu ya jambo moja. Mikindani ilikuwa mojawapo ya bandari zilizopokea misafara kutoka Ziwa Nyasa, pamoja na watu waliofungwa kamba. Habari za miji zinawataja waungwana na ndoa zao. Watumwa hupita ndani yake bila majina. Waliokosa nafasi katika hadithi ya mji walilazimika kuitafuta kwingine.

4. Masasi: watu wasio na wazee

Baada ya mkataba wa mwaka 1873 uliopiga marufuku biashara ya watumwa baharini katika milki ya Sultani wa Zanzibar, misheni ya Kianglikana ya UMCA huko Unguja ilikuwa na watu wengi waliookolewa majahazini. Mwaka 1876 Askofu Edward Steere aliliongoza kundi la kwanza lao, wanaume na wanawake zaidi ya 50, kupitia Lindi kuelekea Ziwa Nyasa, nchi ambako wengi walikuwa wameibwa. Walipofika Masasi wakaona nchi njema, wakakaa.

Inafaa kukumbuka kwamba Steere huyu ndiye aliyechapisha mwaka 1870 kitabu cha hadithi za Kiswahili alizosimuliwa na watu wa Unguja. Alijifunza lugha kwa kusikiliza hadithi kabla ya kuihubiri Injili kwa lugha hiyo. Kwa hiyo tangu mwanzo misheni ile ilikuwa na mtu aliyejua thamani ya masimulizi.

Hata hivyo watu wa Masasi walikuwa na upungufu wa ajabu. Walikuwa na mchungaji, shamba na kitabu cha sala, lakini hawakuwa na wazee. Wengi walichukuliwa wakiwa watoto. Hawakuwa na babu wa kuwaeleza ukoo wao, wala mjomba wa kuwapeleka jandoni, na miongoni mwao walikuwamo Wayao, Wamakua na Wanyasa, ambao nyumbani kwao huenda wangekuwa maadui. Nini kiliwafanya kuwa jumuiya? Kwa maoni yetu, kwa sehemu kubwa ni kwamba habari za Biblia ziliwakuta na habari inayofanana na yao. Watu waliotolewa utumwani, wakavushwa majini, wakapelekwa katika nchi ambayo wengi wao hawakuikumbuka, hawakuhitaji kufafanuliwa kitabu cha Kutoka kwa maneno mengi.

Jumuiya hiyo ilijaribiwa mapema. Mwezi Septemba 1882 Wangoni walioitwa Magwangwara waliivamia Masasi, wakaua na kuteka watu, na kazi ya misheni ikahamia Newala kwa muda, kwa mtawala wa Kiyao Matola. Lakini mfano ulio mzuri zaidi unatoka Chitangali. Huko, tangu mwaka 1886 hadi 1897, alihudumu Cecil Majaliwa, aliyechukuliwa utumwani utotoni, akasomeshwa Kiungani na Uingereza, na mwaka 1890 akawa Mwafrika wa kwanza wa misheni hiyo kupewa upadre. Mtawala wa Kiyao Nakaam alibatizwa akaitwa Barnaba, na kanisa la Chitangali likakua kuliko vituo vingi vya Wazungu. Sababu zilikuwa nyingi, na mojawapo twaiona wazi. Majaliwa alihubiri kati ya Wayao, watu wa asili yake, naye alikuwa ndiye mtoto aliyepotea na kurudi. Maisha yake yenyewe yalikuwa masimulizi ambayo kila msikilizaji aliweza kuyafuata, kwa maana kila ukoo ulikuwa na mtoto wake aliyepotea na hakurudi.

Ng'ambo ya mto, huko Unangu, padre mwingine wa misheni hiyohiyo, Yohanna Abdallah, aliyakusanya masimulizi ya Wayao na kuyaandika kwa lugha yao. Kitabu chake, Chiikala cha Wayao, kilichapishwa Zomba mwaka 1919. Padre huyu hakuona kwamba kulinda kumbukumbu za wazee ni kazi iliyo nje ya wito wake.

5. Baada ya Maji Maji: waraka wa mwaka 1908

Mwaka 1905 vita vya Maji Maji viliwaka kusini. Vituo vya Wabenediktini vya Lukuledi na Nyangao vilichomwa, na Masasi nayo ikachomwa. Baada ya vita ikaja njaa. Mwanahistoria Gilbert Gwassa alikadiria kwamba watu waliokufa kwa vita na njaa katika nchi yote ya vita walikuwa kati ya 250,000 na 300,000. Idadi kama hiyo huwashinda watu kuifikiri. Vijiji vilibaki na maswali: kwa nini maji hayakuzuia risasi? Nani alituombea vibaya? Waliokufa porini bila matanga wako wapi?

Ilikuwa katika hali hiyo, mwaka 1908, waraka ulipofika pwani ya Lindi na kuenea barani. Waraka huo, uliosemwa kuwa umetoka Makka, ulieleza ndoto ya mtunza kaburi la Mtume, aliyeitwa Sheikh Ahmad. Ndani ya ndoto Mtume alihuzunika kwa sababu waumini wameacha sala na kutenda maovu. Mwisho wa dunia u karibu. Kila aupataye waraka aunakili na kuupeleka kwa wengine, na asiyefanya hivyo ataingia hasarani. Watu wakakusanyika misikitini na katika zikri, wengi wakatubu. Wajerumani, waliokuwa wakiiogopa Maji Maji ya pili, waliuona kuwa uchochezi wa kisiasa, wakawakamata watu na kumshuku Muhammad bin Khalfan, yaani Rumaliza, tajiri aliyekuwa amehamia Unguja.

Serikali ilitafuta njama. Sisi tunaona kwanza watu waliofiwa. Waraka uliwapa waliosalia jambo ambalo hawakulipata kwa mtawala wala kwa mganga. Uliueleza msiba wao kama sehemu ya habari kubwa ya dunia nzima, ukawapa tendo la kufanya: kusali, kutubu, kunakili. Felicitas Becker, katika kitabu chake cha mwaka 2008 kuhusu kuenea kwa Uislamu kusini mashariki mwa Tanzania, ameonyesha kwamba katika miaka iliyofuata watu wengi wa vijijini waliingia katika Uislamu kwa juhudi zao wenyewe, wakijenga misikiti yao na kutafuta walimu wao. Waraka ulipita, lakini haja iliyoupokea ilibaki, na wengi waliipatia makao katika jumuiya ya sala iliyowaheshimu.

Pamoja na hayo waraka ulikuwa na upande wa pili. Ulisukumwa na kitisho. Asiyeunakili aliogopeshwa, na aliyeogopa hakuwa na nafasi ya kuuliza. Wanazuoni wa Kiislamu wenyewe wamekwisha kuukana mara nyingi kila ulipozuka tena. Nasi Wakristo hatuna la kujivunia, kwa maana barua za namna hiyo zenye majina ya watakatifu zimezunguka katika makanisa pia, na leo huzunguka kwa simu za mkononi.

6. Jandoni: hadithi iliyopokelewa ndani ya Kanisa

Misheni ya Masasi ilipoinuka tena ilikutana na swali ambalo halikuweza kuliahirisha. Vijana wa Kikristo walikwenda jandoni. Kule porini hawakutahiriwa tu. Walifundishwa kwa nyimbo, mafumbo na visa namna ya kuwa mtu mzima, namna ya kuwaheshimu wakubwa na kuwazika wafu. Aliyekatazwa kwenda alibaki mtoto machoni pa watu, hata kama ana ndevu na ameoa. Kanisa lingeweza kumpa kipaimara, lakini kijiji kisingempa neno barazani.

William Vincent Lucas, aliyefika Masasi mwaka 1909 na kuwa askofu wake wa kwanza tangu 1926 hadi 1944, anajulikana kwa kulikubali jando na kulifanya la Kikristo: ibada na baraka za padre, maungamo na sala vikiwekwa mahali pa sadaka kwa mizimu, na walimu Wakristo wakisimamia mafundisho. Terence Ranger, katika makala yake ya mwaka 1972, alikumbusha kwamba kazi hii haikuwa ya askofu peke yake. Mapadre na walimu Waafrika ndio waliojua kilichosemwa porini, na bila wao isingewezekana kuchagua kipi kibaki na kipi kiondoke.

Matokeo hayakuwa kamili. Yalikuwapo mabishano, na unyago wa wasichana ulikuwa mgumu zaidi kwa misheni iliyoongozwa na wanaume. Lakini kanuni iliyotumika inastahili kusomwa na wanafunzi wetu wa theolojia. Walitambua kwamba mafundisho ya jandoni yanaingia moyoni kwa sababu yanasimuliwa na watu ambao kijana atakaa nao maisha yake yote, mahali ambapo ameona maumivu na kuyashinda pamoja na wenzake. Katekisimo iliyokaririwa darasani haikuweza kushindana na hilo isipokuwa nayo iingie katika mzunguko wa maisha.

Sisi Walutheri tulikuwa na ndugu aliyefikiri karibu na hayo huko kaskazini. Bruno Gutmann wa misheni ya Leipzig, aliyehudumu Moshi, alikusanya mafundisho ya jando ya Wachagga na kuyachapisha kati ya miaka ya 1932 na 1938. Twaweza kumlaumu kwa kutaka jamii isibadilike. Hatuwezi kumlaumu kwa kutosikiliza.

7. Hadithi itafutayo adui

Tusidhani kwamba kila hadithi hujenga. Kati ya miaka ya 1990 na 2004, kwa mujibu wa utafiti uliochapishwa mwaka 2005, simba waliua watu zaidi ya 563 Tanzania na kujeruhi wengine wasiopungua 308, na kusini mashariki ni miongoni mwa sehemu zilizoumia sana. Watafiti walieleza sababu inayoeleweka: wanyama wa kawaida wa mawindo wamepungua, nguruwe mwitu wamejaa mashambani, wakulima hulala vibandani kulinda mazao, na simba huwafuata nguruwe. Vijijini, hata hivyo, ilisimuliwa mara nyingi habari nyingine, kwamba simba hao si wa Mungu, wametumwa na mtu.

Hatulicheki wazo hilo. Mtu aliyempoteza mtoto hauulizi tu mwenendo wa nguruwe; anauliza kwa nini ni mtoto wake. Lakini tuone mahali ambapo hadithi ya simba wa kutumwa huishia. Lazima apatikane aliyemtuma, naye hupatikana jirani: mzee mwenye macho mekundu, mjane asiye na watoto, mtu aliyefanikiwa kidogo kuliko wenzake. Ng'ambo ya Ruvuma, wilayani Muidumbe, katika miaka ya 2002 na 2003, watu walioshukiwa hivyo waliuawa na majirani zao. Simba alipoondoka, jumuiya ilikuwa na majeraha ambayo simba hakuyatia.

Mto huu umeona pia misiba iliyoletwa na binadamu. Baada ya mauaji ya Mueda tarehe 16 Juni 1960 na kuanza kwa vita vya ukombozi wa Msumbiji mwaka 1964, maelfu walivuka kuja Mtwara na Lindi, nao walipokelewa na watu wa lugha moja nao. Katika siku zetu, tangu mwaka 2017, vita vya Cabo Delgado vimewasukuma watu tena kuelekea mtoni. Mwezi Oktoba 2020 kijiji cha Kitaya upande wa Tanzania kilishambuliwa, na mwezi Machi 2021 mji wa Palma. Familia za Ruvuma zina ndugu pande zote mbili. Mahali kama hapo ni rahisi sana kuzuka swali la nani aliyewaonyesha njia, na swali hilo likikosa hadithi iliyo bora litajibiwa kwa jina la mkimbizi au la kijana wa madhehebu fulani.

Kusini kuna desturi inayoonyesha njia nyingine, nayo ni utani. Makabila yaliyowahi kupigana yalikuja kutaniana, na mtani akapewa haki ya kuchekesha msibani na wajibu wa kusaidia kuzika. Vita havikusahauliwa, kila mzaha unavikumbusha. Lakini kumbukumbu yenyewe imegeuzwa kuwa sababu ya adui wa jana kuwapo kwenye matanga.

8. Fundisho kwa sharika zetu

Walutheri tulichelewa kufika katika pwani hii. Nchi ya Mtwara ilikuwa shamba la Waanglikana na la Wabenediktini wa Ndanda, na sharika zetu zilianza hasa na watu waliohamia kutoka mikoa mingine kwa ajili ya kazi. Hivyo sisi ndio wageni wa kisa cha Kilwa. Kosa tunaloweza kulifanya ni kukaa bila kutoa nguo: kuhubiri Mtwara kwa mifano ya Kilimanjaro na Iringa, na kuwazika watu wa Ruvuma bila kuijua habari ya bonde lao.

Kutokana na mifano tuliyoitazama twaweza kutoa maswali matatu ya kuipimia hadithi inayosimuliwa katika usharika, iwe mimbarani, matangani au katika ushuhuda. La kwanza: je, aliyepatwa na msiba anapata nafasi ndani yake, kama wale watoto wawili wa hadithi ya Mahuta, au anasukumwa nje? La pili: je, yaweza kusimuliwa mbele ya yule inayemtaja? Mtani husema usoni. Hadithi ya simba wa kutumwa hunong'onwa. La tatu: je, inaishia katika kazi ya kufanya pamoja, au katika kitisho? Waraka wa 1908 ulikuwa na yote mawili, na kwa hiyo uliweza kuleta sala na hofu kwa wakati mmoja.

Maandiko yako upande wa kazi hii. Katika Kumbukumbu la Torati 6 mtoto anapouliza maana ya amri, baba anaagizwa kumjibu kwa habari ya utumwa wa Misri na wokovu, wala si kwa ufafanuzi wa sheria. Katika Yoshua 4 mawe 12 yanasimamishwa ili watoto waulize. Martin Luther aliufuata mwendo huohuo alipoandika Katekisimo Ndogo mwaka 1529: swali linalorudiwa humo ni swali la mtoto kwa mzazi nyumbani. Tena mwaka 1530, alipokuwa katika ngome ya Coburg na Kanisa likiwa katika shaka kubwa kwa sababu ya baraza la Augsburg, aliona inafaa kutenga muda wa kuzitafsiri hekaya za Esopo kwa ajili ya watu wake. Hakuziona kuwa mchezo.

Kwa vitendo twapendekeza mambo machache. Wanafunzi wa kipaimara wapewe kazi ya kwenda kwa wazee wa mtaa, Wakristo na Waislamu, wakaandike visa vya kijiji, kisha visomwe usharikani. Katika misiba mchungaji asiharakie kuhubiri kabla wafiwa hawajapata muda wa kusimulia habari za marehemu. Watu waliovuka mto kwa sababu ya vita wapewe nafasi ya kusema, bila kulazimishwa, mbele ya watu watakaowasikiliza hadi mwisho. Na mahali panapozuka uvumi juu ya mtu, wazee wa Kanisa waiulize habari hiyo maswali matatu kabla haijavuka uzio wa pili.

Katika Luka 24 wanafunzi wawili waenda Emau wakiwa na habari wasiyoijua maana yake. Mgeni aliyeungana nao njiani aliyajua yote, hata hivyo aliwauliza kwanza walikuwa wakizungumza nini. Aliwaacha wayaseme yote: tumaini lao, kifo, na habari za wanawake ambazo hawakuzielewa. Ndipo akaanza kuwaeleza Maandiko, na walipofika nyumbani wao ndio waliomkaribisha. Mchungaji anayepangiwa Mtwara au kando ya Ruvuma atafanya vyema kuufuata utaratibu huo.